Ni ya Kweli au Umetunga?

Felista Sanga alikuja Mtwara miaka kumi na minne iliyopita akiwa na barua ya ajira, sanduku moja na sweta mbili za baridi ya kwao Makete ambazo hakuwahi kuzivaa tena. Alipangiwa masjala, chumba cha nyuma katika ofisi moja ya serikali, ambako kazi yake ilikuwa kupokea barua, kuzigonga mhuri, kuzipa namba, kuzitoboa na kuziweka kwenye majalada. Akaolewa na Godfrey, mtu wa bandarini, wakapata nyumba Ligula. Watumishi wengine waliotoka mikoa ya juu walikuwa kila mwaka wanaandika maombi ya uhamisho. Yeye hakuandika hata moja. Alikuwa amepapenda. Au tuseme ukweli: alikuwa amezipenda zile barua.

Maana barua za watu zina mambo. Mwalimu anaomba ruhusa ya siku tatu, na katika mstari wa mwisho anaeleza kwamba mke wake amerudi kwao. Mzee wa Ziwani analalamikia mpaka wa shamba la mikorosho; ukurasa wa kwanza ni mpaka, ukurasa wa pili ni kaka yake aliyefariki. Karani wa masjala lazima aisome barua ili ajue inaingia jalada gani, na kwa hilo mistari miwili inatosha. Felista alikuwa anasoma mpaka kwenye sahihi.

Ndipo akaanza kuandika vya kwake. Vilikuwa vifupi, kurasa mbili au tatu, na havikufanana na hadithi alizosoma shuleni. Kimoja kilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho wajumbe wake wote wameshakufa. Kingine kilikuwa orodha ya vitu vilivyoachwa kwenye nyumba ya mwalimu aliyehamishwa, na ukiisoma hiyo orodha mpaka mwisho unamjua mwalimu, unajua na alichokikimbia. Godfrey alivisoma vyote. Alikuwa anakuna kidevu, halafu anasema, "Mama, mimi kimenishika. Ila sijui ni nini."

Hilo ndilo walilomwambia wote, kwa maneno tofauti. Mhariri wa gazeti moja la Dar es Salaam alimjibu kwa adabu kwamba kurasa zake zina sehemu ya makala na sehemu ya hadithi ya mfululizo, na hiki hakikai huku wala kule. Mchapishaji wa vitabu alimuuliza ni cha darasa la ngapi. Kulikuwa na shindano la uandishi lenye fomu ya visanduku vitatu: riwaya, ushairi, hadithi za watoto. Felista alikaa na kalamu muda mrefu, mwishoe akaweka alama kwenye hadithi za watoto, akapeleka ile orodha ya vitu vya mwalimu, ambayo kitu chake cha saba kilikuwa chupa za pombe. Alitoka posta akiwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyeiba. Baadaye akajaribu ukurasa mmoja wa hadithi wa mtandaoni, ambao lazima uchague kundi ndipo wakupokee. Akachagua Mapenzi. Msomaji wa kwanza aliandika chini yake: "Anti, mapenzi yanaanza lini?"

Alijaribu hivyo kwa miaka sita. Kwaya ya kanisani hawakujua, ofisini hawakujua. Ni vigumu kuwaambia watu unaandika kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kukitaja jina.

Kisha akasikia kwamba redio moja ya hapo mjini ina kipindi cha Jumamosi asubuhi, wasikilizaji wanatuma visa vyao na mtangazaji anavisoma. Mwandaaji wake alikuwa kijana mchangamfu anayeitwa Gaudensi. Felista alimpelekea kwa mkono kazi aliyoiona bora kuliko zote. Ilikuwa matangazo tisa ya kumtafuta mtu, yote yameandikwa na dada mmoja, kila mwaka tangazo moja. Tangazo la kwanza linaeleza dada yake alivaa nini siku alipopotea. Kadiri miaka inavyokwenda, anayetafuta anaanza kusahau, anaanza kukisia, mwisho anaeleza alama zake mwenyewe akidhani ni za ndugu yake. Katika tangazo la tisa anaandika kwamba aliyepotea ameonekana Nanyamba, karibu na stendi, anauza mandazi, na hataki kurudi.

Gaudensi aliisoma palepale, amesimama. Alipomaliza alikaa chini.

"Dada Felista, hii ni kali. Lakini niulize. Ni ya kweli au umetunga?"

"Kwani ina tofauti gani?"

"Kwa msikilizaji labda haina. Kwangu mimi inayo. Kipindi changu ni cha visa vya kweli. Vya kutunga sina pa kuviweka."

Felista alizitazama karatasi zake mikononi mwa yule kijana. Kwa mara ya kwanza mtu asiyekuwa mume wake alikuwa amezisoma mpaka mwisho.

"Ni ya kweli," akasema. "Ni ya mtu ninayemfahamu."

Ilisomwa Jumamosi mbili mfululizo, kwa sababu watu walipiga simu kuomba irudiwe. Jumapili, kwenye mazoezi ya kwaya, wanawake waliizungumzia huku wamezuia machozi, na Felista aliyekuwa katikati yao akashindwa kujizuia. "Ni mimi niliyeiandika," akasema. Wakamshangilia, wakamkumbatia. Alirudi nyumbani amevimba kwa furaha, akamsimulia Godfrey kila neno.

Jumatano iliyofuata Gaudensi alimpigia simu ofisini. "Dada, kuna wageni wako hapa redioni. Njoo. Wametoka mbali."

Walikuwa wawili. Mwanamke wa miaka kama ishirini na minane, amejifunga kitenge kiunoni na kingine begani, miguu ina vumbi mpaka magotini. Na mzee mwembamba aliyevaa koti juu ya shati safi. Yule mwanamke alisimama Felista alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi naitwa Carlota. Huyu ni mjomba wetu, Adelino. Tumetoka Kitaya, kule mpakani. Wazee wetu asili yao ni ng'ambo ya mto, ila sisi tumezaliwa hapahapa. Tulisikia redio, mama. Tukapitia Nanyamba kwanza. Siku mbili tumezunguka, wauza mandazi wote tumewaona, wa stendi na wa sokoni. Yolanda hatujamwona. Mjomba akasema labda amehama, twende tukamuulize mwenyewe aliyemwona."

Felista hakuelewa, au alitaka asielewe. "Yolanda ni nani?"

"Si dada yangu? Uliyemwandika. Alivuka kwenda msibani ng'ambo, mwaka ule wa vurugu. Watu wakakimbia, kila mmoja na njia yake. Hatukumwona tena."

Mzee Adelino alitoa mfuko wa nailoni kwenye koti, ndani yake mna karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Aliikunjua polepole, akampa kwa mikono miwili. Ilikuwa nakala ya barua waliyoandikiwa na ofisi ya kijiji, kuomba msaada wa kutafutiwa ndugu yao. *Nyusi ya kushoto imekatika kwa kovu. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Alivaa kitenge cha picha za samaki.* Vitu vyote vitatu vilikuwa kwenye tangazo la kwanza. Na juu, pembeni, palikuwa na mhuri wa IMEPOKELEWA, tarehe ya miaka miwili iliyopita, na sahihi ndogo yenye mkia. Sahihi ilikuwa yake.

Niseme kwa haki yake kwamba siku alipoandika hakuiweka ile barua mbele yake akainakili. Aliisoma siku ilipofika, ikamkaa, na alipokuwa anatafuta sura ya mtu wa kupotea, sura ikaja. Alijiambia imetoka kichwani. Lakini pia alijua, kwa namna mtu anavyojua kitu ambacho hakigeukii kukitazama, kwamba kichwani iliingia kutoka mahali fulani. Pale redioni ilibidi ageuke akitazame.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kinachomwumiza mpaka leo kuliko yote. Hakusema. Carlota alikuwa anamwangalia mdomoni, anasubiri, na Felista akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mimi nilisimuliwa tu. Kuna mtu alinisimulia."

"Nani, mama?"

"Mtu mmoja. Ngoja nimtafute. Nipeni siku mbili."

Carlota alishika mikono yake, akashukuru. Wakaenda kufikia kwa ndugu zao Chikongola.

Siku ya kwanza Felista alikwenda kazini, akafungua jalada. Barua yenyewe ilikuwemo, karatasi ya kumi na moja, imetobolewa vizuri. Baada yake hakukuwa na kitu. Hakuna aliyeijibu, hakuna aliyeipeleka mbele. Ilipaswa kupelekwa mezani kwa ofisa na jalada lake, na kazi ya kuipeleka ilikuwa ya karani wa masjala. Alijaribu kukumbuka siku ile ilikuwaje. Alikumbuka tu jinsi alivyokaa na barua akairudia ile sentensi ya kiganja.

Siku ya pili alishindwa kwenda kazini. Godfrey alirudi mchana kwa chakula, akamkuta amekaa jikoni na mchele haujabandikwa.

"Huyo mtu aliyekusimulia ni nani?" akauliza. Alikuwa amesubiri kuambiwa, hakuambiwa.

"Hakuna mtu."

Godfrey hakupaza sauti. Ni mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulimchoma mkewe kuliko kelele.

"Wale wanasubiri jina, Felista."

"Najua."

"Basi nenda sasa hivi. Kila saa unayokaa hapa wao wanazidi kuamini."

Alimkuta Carlota uani Chikongola anamenya muhogo pamoja na wenyeji wake. Mzee Adelino alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Carlota aliacha kisu, akafuta mikono. Felista alitaka kupiga magoti lakini akaona kwamba hata hilo lingekuwa ni kujitafutia huruma, akabaki amesimama.

"Hakuna mtu aliyenisimulia," akasema. "Mimi ni karani wa ile ofisi. Barua yenu niliipokea mimi. Nilichukua alama za ndugu yenu nikaziweka kwenye hadithi. Yaliyobaki nilitunga."

Wenyeji waliacha kumenya.

"Kwa hiyo hajaonekana," Carlota akasema.

"Hajaonekana. Mimi sijui alipo."

"Na huyo wa Nanyamba?"

"Nilimtunga."

"Kwa nini Nanyamba?"

Felista alitafuta jibu, lililopatikana likawa la aibu. "Niliwahi kupita stendi pale nikala mandazi."

Carlota hakulia. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu ya njia aliyotembea: nyumba alizobisha hodi, wanawake aliowainamia usoni kutafuta kovu.

"Kule Nanyamba kuna mmoja alikuwa na nyusi hivyohivyo," akasema. "Kwa mbali. Nilimkimbilia."

Ndipo mzee Adelino akaongea, kwa Kiswahili cha taratibu cha mtu anayekifikiri kwanza kwa Kimakonde. "Mwanangu, na barua yetu? Ilijibiwa?"

"Hapana, mzee. Niliiweka kwenye jalada, ikakaa."

"Uliisoma lakini."

"Niliisoma."

"Ukaona nzuri."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayehakikisha ameelewa vizuri. Felista aliinamisha kichwa, na anasema hakumbuki jinsi alivyotoka uani.

Jumamosi alikwenda redioni akasema hewani kwamba kisa kile ni cha kutunga, kwamba alimdanganya mwandaaji, na kwamba alitumia habari za familia yenye msiba wa kweli bila ruhusa yao. Familia hakuitaja. Gaudensi alikuwa ameketi mbele yake, hakumtazama hata mara moja. Wakubwa wake walikuwa wameshamwita. Ofisini Felista alipewa barua ya onyo kwa kutoa siri za majalada. Kwa kuwa karani wa masjala ni yeye, aliipokea mwenyewe, akaigonga mhuri, akaipa namba, akaitoboa. Kwenye kwaya hakuna aliyemtukana. Walimsalimia kama kawaida, ila akikaribia walikuwa wanabadilisha mazungumzo kidogo, na yeye akaanza kukaa mwisho wa mstari.

Ile barua ya Kitaya aliibeba mwenyewe mpaka mezani kwa ofisa, akasimama mpaka ikasainiwa. Ikapelekwa kwa shirika linalotafuta ndugu waliopotezana. Wakajibu kwamba wameipokea.

Miezi minne ikapita. Siku moja akapata ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, mwalimu wa chuo Dar es Salaam anayeitwa Andrea. Yeye na wenzake wawili walikuwa wanatoa jarida dogo, wanachapa nakala chache. *Nimesikia una kazi ambayo watu hawakujua kama ni tangazo au ni hadithi,* aliandika. *Sisi tunatafuta kazi za namna hiyo. Hatuna visanduku. Tutumie.*

Felista alisoma ule ujumbe na moyo ukaruka kabla hajauzuia. Kisha akaona aibu kwa kuruka kwake. Lile soko alilolitafuta miaka sita lilikuwa limemfikia, na limefika kwa sababu Carlota alizunguka Nanyamba siku mbili.

Godfrey alimwambia, "Kaulize wenyewe."

Akaenda Kitaya. Ilikuwa msimu wa mpunga, akaelekezwa bondeni, na akamkuta Carlota ukingoni mwa jaruba anafukuza ndege, bati mkononi. Walisalimiana. Felista akaeleza alichojia, akarudia mara mbili kwamba akikataliwa hatauliza tena.

"Sijaisikia yote," Carlota akasema. "Redio yetu ilikuwa inakatika. Isome."

Akaisoma, amesimama kwenye tope, matangazo yote tisa. Carlota alikuwa anagonga bati ndege wakishuka, halafu anamwonyesha aendelee. Kwenye tangazo la tano alimkatisha.

"Hapo si kweli. Yolanda hakuogopa maji. Mimi ndiye ninayeogopa."

"Nifute?"

"Soma tu."

Alipomaliza, Carlota alishusha bati. Ndege walitua upande wa pili, hakugonga.

"Ni nzuri," akasema hatimaye, na ilionekana kusema hivyo kumemgharimu. "Huyo anayetafuta anavyosahau sauti. Ni hivyohivyo. Mimi sauti yake nimeshaisahau, sijamwambia mama." Akavuta pumzi. "Lakini usiipeleke."

"Sawa."

"Ukiipeleka watu watasoma, watasema hadithi tamu. Atakuwa ameshakuwa hadithi. Na sisi bado tunamtafuta."

"Sawa. Nimeelewa."

"Siku tukimpata, au tukijua, nitakwambia mimi mwenyewe. Hapo utaniuliza tena."

Mama yao alimkaribisha chakula, ugali na samaki wa mtoni, na Felista alikula kila kilichowekwa mbele yake kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Yule mama hakuambiwa mgeni ni nani. Carlota alimtambulisha kama mtu wa ofisini aliyesaidia barua kwenda mbele. Felista alimeza tonge na maneno hayo pamoja.

Alimwandikia Andrea kwamba kazi ile haipatikani. Akatuma nyingine, mpya, aliyoiandika mwaka huo: taarifa ya hali ya hewa ya kijiji chao huko Makete, siku saba za mwisho za uhai wa mama yake, ukungu na jua na baridi, na mama anatajwa mara moja tu. Kabla ya kuituma aliwapigia simu ndugu zake mmoja mmoja kuwasomea. Kaka yake mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. "Andika," akasema, "ila siku ya nne iondoe. Siku ya nne ni yangu." Akaiondoa. Ikachapwa ikiwa na siku sita, na Andrea alimwambia ni bora hivyo.

Zilikuja nakala mbili. Moja Godfrey aliipeleka bandarini akawaonyesha wenzake, wakaipindua huku na huku wakauliza ni kitu gani hiki, akawajibu, "Someni tu." Ya pili iko kabatini chini ya vitambaa. Felista anaandika bado, na Andrea amechukua kazi zake tatu. Kwaya hajawaambia.

Yolanda hajapatikana. Shirika liliandika mara moja kwamba kuna jina linalofanana katika kambi moja ng'ambo. Likaja kuwa si yeye. Carlota hupiga simu kila baada ya wiki kadhaa kuuliza kama kuna barua imefika. Felista akiiona namba yake huinuka kitini, hata akiwa peke yake chumbani, na hupokea simu amesimama.